Jongoo Mwenye Adabu za Kwao

Mashine ya kufuma ya binti yangu Marthe ilikufa asubuhi, nusu ya mukono wa pulova ingali inaning'inia kwenye sindano zake. Umeme ulikuwa umepotea tangu jana yake, na uliporudi ulirudi kwa hasira. Taa ya sebuleni iliwaka nyeupe kupita desturi yake, ikapasuka, na mashine ikalia mara moja ikanyamaza. Marthe alibonyeza kila kinachobonyezeka. Aliizima, akaiwasha. Akaipiga kofi la ubavuni kama tunavyozifanyia redio zetu. Ilikaa vilevile, uzi mwekundu mudomoni, kama muntu aliyekufa akila.

Haikuwa mashine ya kuchezea. Wajapani waliitengeneza, ikafika Kigoma, ikavuka ziwa pamoja na masanduku ya sabuni, na katika mutaa wetu wote wa Kataki haikuwa na dada. Unachora picha kwenye karata, unaiingizia karata tumboni, na yenyewe inachagua sindano ipi ipande na ipi ibaki chini. Kazi ya Marthe ilikuwa kusukuma kishikio chake kulia na kushoto tu, na bata wanatokea kifuani mwa pulova kama wameogelea kutoka ndani. Utaniuliza, pulova za nini Kalemie, na joto letu hili? Panda juu Marungu, kule nyuma ya Moba, ulale huko kidogo, kisha urudi uniulize tena. Watu wa kule walimungojea Marthe kama mvua.

Lakini pulova siyo zilizotunyima raha. Aliyetunyima raha ni Florentine.

Florentine ni mujukuu wangu, mutoto wa kwanza wa Marthe. Alikuwa ameposwa na Symphorien, fundi wa redio, kijana wa Ankoro. Kwenye karata yake ya uraia aliandikwa Kisimba, maana miaka ile ya Zaire majina ya ubatizo yalikatazwa kwenye biro za serikali, lakini kanisani na jikoni yaliendelea kuishi, na sisi tulimujua kwa jina la jikoni. Jembe la kufungua mulango wa uchumba alikuwa ameshalileta. Edmond, mume wa Marthe, alilipokea kwa mukono mumoja na kuliegemeza ukutani bila kulitazama. Edmond alikuwa karani wa pale gare, kituo cha treni. Alitaka binti yake aolewe na muntu mwenye biro, au walau mwenye kiti chake mwenyewe. Alipenda kusema kwamba kazi ya Symphorien ni kufungua redio za watu, kuzifunga tena, na kubaki na misumari midogo mukononi ambayo hajui ilitoka wapi.

Siku ile mashine ilipokufa, Edmond aliongea wakati wa kula, polepole, kama muntu anayesoma tangazo.

"Wajomba zake wanakuja na treni ya Kabalo," alisema. "Kama mashine ya mama mukwe wake imefufuka mbele ya wao kufika, nitawapokea na mikono miwili. Kama haijafufuka, watakunywa maji, watapumzika, na watarudi Ankoro na jembe lao. Fundi asiyeweza kutengeneza ya kwake, mutoto yangu atamulisha na nini?"

Florentine aliacha sahani yake akatoka. Mimi nilimalizia sombe yake, kwa sababu huzuni ya mutoto haiongezi mafuta kwenye mboga. Huku nakula, nilikuwa nafikiri. Treni ya siku zile ilifika siku iliyopenda. Wajomba walitakiwa washuke na mutumbwi kutoka Ankoro mpaka Kabalo, kisha wakae wakingoja injini. Wanaweza kuwa hapa kesho. Wanaweza pia kuwa hapa maembe yakiiva. Symphorien alipaswa kufanya haraka bila kujua haraka ya kiasi gani.

Tena kulikuwa na buko. Kwetu, muntu akishapeleka jembe, yeye ni mukwe, na kati yake na mama mukwe kunaingia ile heshima tunayoiita buko. Mukwe hamutazami mama mukwe usoni. Hamuiti jina. Wakikutana njiani, mukwe anaingia majanini mpaka mama apite. Hakalii kiti chake, na akipewa kitu kilichotoka mukononi mwake, anapokea ameinama. Sasa mashine ile Marthe aliipapasa kutwa nzima, kila sindano yake, na kiti chake kilikuwa na umbo lake. Je, mukwe ataifungua vipi? Na atamuuliza nani iliuguaje, kama mwenye mugonjwa haongei naye?

Hapo njo bibi anapohitajika. Kati ya bibi na mume wa mujukuu wake hakuna buko, kuna utani tu. Mimi nilimuita Symphorien bwana yangu mbele ya watu wote, na yeye alinijibu kwamba mwanamuke asiyemupikia hana haki ya kumuita hivyo. Basi niliagiza mashine iletwe jikoni kwangu, nyuma ya nyumba. Mulango mukubwa wa jiko langu unaangalia uwanja wa Marthe. Tukatundika kitenge mulangoni. Symphorien alikaa upande huu na vyombo vyake, Marthe akakaa upande ule na maharagwe yake ya kuambua, na mimi nikawa waya wa simu.

Mbele ya kuileta, Marthe aliisafisha jioni nzima. Mukwe hapewi kitu kichafu. Hata kikombe kilichosafishwa kinasafishwa tena akionekana njiani. Na mashine ya kufuma inakula manyoya ya uzi kama mbuzi anavyokula maganda. Marthe alifungua misumari ya chini kwa ncha ya kisu, akapuliza, akapangusa kwa kitambaa, akachomoa kila kipande cha uzi kilichojificha tumboni. Ilipofika kwangu ilikuwa inang'aa kama kikombe cha padri. Symphorien alipoifungua alikaa akiitazama, kisha akaniambia, kwa sauti ya kusikika nje, kwamba tangu aanze kazi hajaona mashine safi ndani kama hii. Niliipeleka ile sifa upande wa pili wa kitenge ingawa ilishafika yenyewe. Maharagwe yakaanza kuambuliwa kwa mbio.

Alipima hapa, alipima pale, na mwisho akaweka ncha ya bisibisi juu ya kidude cheusi, kirefu kama kidole changu, chenye miguu midogo ya chuma pande zote mbili.

"Nkambo," alisema, maana kwao bibi anaitwa hivyo, "huyu njo marehemu."

Alinitajia jina lake la kifundi, sirkwi sijui nini. Mimi nikamutegea hapo hapo: ana miguu arobaini, na hajawahi kufika sokoni. Akacheka. Tangu siku ile jina la yule mududu ni jongoo, na mutaani kwetu kuna mafundi wanaoliita hivyo mpaka leo bila kujua lilitoka kwa nani.

Nilimuuliza kama jongoo mwingine anapatikana. Alisema wa kiwanda kile hapatikani Kalemie, wala Kigoma, labda Japani kwenyewe. Florentine, aliyekuwa anapepea makaa, aliacha kupepea. Lakini Symphorien hakuwa amemaliza. Alinieleza jambo ambalo nimelipenda mpaka uzee huu, na nitalisema kama nilivyolielewa.

Kiwanda kimoja kikubwa kilimutengeneza jongoo wa kwanza. Watu wakamupenda, mashine za kila aina zikatengenezwa kwa ajili yake. Basi viwanda vingine vikaona, navyo vikatengeneza majongoo yao, kila kimoja kinaandika jina lake mugongoni. Wengine waliomba ruhusa, wengine waliiga tu na kukaa kimya. Ndani ya kichwa kila mumoja ana ujanja wake. Lakini miguu wote waliipanga vilevile. Kwenye kona hii umeme unaingia, kwenye kona ile unatokea, miguu hii inasema, miguu ile inasikia, na kila mumoja ana kidoti kinachoonyesha muguu wa kwanza ni upi. Nilimuuliza nani aliweka hiyo sheria. Akasema hakuna. Ni mazoea. Atakayepanga miguu yake kwa kiburi chake, hakuna mashine itakayomupokea, na atabaki na majongoo yake kwenye gala.

Nilimwambia hayo tunayajua. Pale foyer sosio, kile kituo cha wamama, tunapofuma pulova za watoto, huyu anafuma mikono, yule anafuma kifua, kila mumoja kwake na watoto wake wanaolia. Siku ya kuunganisha, mukono wa huyu unaingia kwenye bega la yule bila kuvuta. Hakuna muntu aliyeandika. Kila mumoja anajua tu bega linaachwa na matundu mangapi wazi, na tunaanzia upande gani. Isipokuwa kulikuwa na mumoja, simutaji, alianzia kwake alikotaka, na watoto waliovaa pulova zake walitembea kama wanaita teksi.

Symphorien alisema njo hivyo kabisa, na kwamba mimi ningekuwa injenieri. Nikamwambia nimeshindwa kwa sababu darasa la mwisho la primeri lilikuwa na hesabu za treni mbili zinazokutana, na kwetu ilikuwepo moja tu.

Aliondoka na baiskeli kwenda kwa Omer, yule muuza mabaki karibu na daraja la Lukuga. Kwa Omer kulikuwa na kila kilichokufa Kalemie: feni, redio, friji ya gazi, na siku ile mashine ya kuandika ya umeme, kutoka biro fulani iliyofungwa zamani. Ndani yake alilala jongoo. Jina la mugongoni lilikuwa lingine, nchi nyingine kabisa, lakini miguu ileile. Alikuwa mumoja tu. Symphorien alirudi amemufunga kwenye karatasi ya sigara, na akamushusha mezani kwangu kama yai.

Kumung'oa marehemu na kumuweka mugeni kulichukua muchana muzima, kwa chuma cha moto na risasi ya kuyeyusha, jasho linamutoka Symphorien puani. Nilipeleka habari kila mara: amemung'oa, anasafisha matundu, anamuingiza. Marthe alikuwa na bakuli la maharagwe yaliyoshaambuliwa, na aliyaambua tena.

Akawasha. Taa nyekundu ikawaka. Florentine alipiga makofi, na mimi nilishaanza kupiga vigelegele, lakini nilikata katikati.

Mashine ilianza kufanya mambo yake. Sindano zilipanda moja moja kwa mustari, tak, tak, tak, kama muntu anayehesabu kuku. Zilipofika karibu na mwisho wa upande wa kulia, ikalia pii. Ikapumzika. Sindano zote zikashuka pamoja, ikaanza upya kutoka kushoto, tak, tak, tak, mpaka mwisho, pii. Symphorien aliingiza karata ya bata. Haikuitazama. Akaitoa. Haikujali. Pii.

Wakati huo njo Edmond aliporudi kutoka kazini. Alisimama uwanjani akasikiliza, kichwa upande, na nikaona uso wake unabadilika kama wa muntu anayesikia sauti ya rafiki.

"Nani anaandika barua humu ndani?" aliuliza.

Aliingia, akaitazama mashine ikienda na kurudi, akacheka mpaka akashika mulango. Alisema hiyo pii anaijua, ni ya mashine ya kuandika ya shefu wake kazini. Inakuonya kwamba mustari unakwisha, urudi mwanzo. Alisema Marthe amepata bahati, sasa ataweza kufumia watu wa Marungu barua za kuomba kazi. Kisha akaacha kucheka, akasema kama karani: simu imepigwa kutoka Kabalo, treni imeondoka leo asubuhi, na wazee watatu kutoka Ankoro wamo ndani yake.

"Miguu ni ileile, bwana fundi," akaongeza, "lakini kichwa ni cha mwingine." Akavuta kiti akakaa, kuona mwisho wake.

Symphorien alizima mashine. Akaiinamia ile miguu midogo, mikono magotini. Mimi nilidhani amekata tamaa, na nilikuwa natafuta neno la kumupa, lakini yeye alikuwa anafikiri. Alipoongea, aliongea na mimi, kwa sababu buko haikumuruhusu kuongea na Marthe, na Edmond hakumupa uso.

Alisema Papa Edmond amesema kweli. Huyu jongoo alifanya kazi kwenye mashine ya kuandika, na masomo ya kule aliwekewa ndani ya kichwa chake mwenyewe. Yule marehemu hakuwa na somo lolote kichwani. Masomo yake ya kufuma yako kwenye kidude kingine kidogo, jirani yake, kile kilichobandikwa karatasi mugongoni. Basi kati ya ile miguu arobaini kuna muguu mumoja, na ndugu wote wanao pale pale, kazi yake ni kumuambia jongoo amusikilize nani. Ukiufunga kwenye masi, maana yake mahali umeme unapoishia, anasahau ya kwao na kusoma masomo ya nyumba aliyomo. Ukiufunga kwenye umeme wenyewe, anafuata ya kichwani mwake. Na ukiachwa unaning'inia, anafanya anavyojisikia.

"Kama bibi harusi," nilisema. "Atapika kama kwa mama yake mpaka muntu amuonyeshe chumvi ya hapa inakaa wapi."

"Njo vile, Nkambo. Na huyu hakuna aliyemuonyesha. Muguu wake unaning'inia."

Akanionyesha. Chini ya ule muguu kulikuwa na kovu la risasi, linang'aa, bila kitu. Na mbele kidogo kulikuwa na makovu mengine mawili ya namna hiyo, moja upande wa masi, moja upande wa umeme. Zamani palikuwa na waya mufupi. Mukono fulani uliutia, Kigoma au Japani, na sasa haupo. Swali lilikuwa: ulikuwa unaenda kwenye kovu lipi?

Nikamuuliza kwa nini asiuweke kwenye masi, kama alivyosema mwenyewe. Alikuna kichwa. Alisema mazoea ni mazoea, siyo sheria. Kama aliyetengeneza mashine hii alikuwa na kiburi chake, kama yule mama wenu wa mikono ya teksi, waya ukienda pasipo pake unaweza kuunguza kile kidude cha masomo. Jongoo mwingine labda ataonekana siku moja kwa Omer. Masomo ya kufuma hayataonekana kwa Omer wala kwa mwingine. Na mashine itakuwa imekufa kabisa, kwa mukono wake, mbele ya baba mukwe, treni ikiwa njiani. Angeweza kuuweka tu kama angepata muntu aliyeuona ule waya.

"Labda panya aliuchukua," alimalizia, na akatazama chini.

Panya wa Kataki ninawajua, ni wezi, lakini hawafungui misumari. Nilimutazama Symphorien, na nikaona kwamba alishajua. Alijua, na hawezi kusema. Mukwe anayemuuliza mama mukwe umetoa nini ndani ya mashine, amemuita muharibifu, na uchumba umevunjwa pale pale, hata kama mashine imefuma bata elfu. Na mimi nikilipeleka lile swali lilivyo, mbele ya Edmond na mudomo wake, binti yangu ataaibika kwa sababu ya usafi wake. Upande wa pili wa kitenge maharagwe yalikuwa yamenyamaza.

Nikajikohoza.

"Kitendawili," nilisema.

Walinitazama kama nimechanganyikiwa. Florentine peke yake, kule kwenye makaa, alinijibu kwa sauti ndogo, "Tega."

"Nimefagia nyumba kumupendeza mugeni, nikatupa ufunguo wake."

Edmond, ambaye hawezi kuacha kitendawili kipite hata akiwa na hasira, alisema ni upepo. Nikamwambia hapana. Akasema ni mafuriko ya Lukuga. Hapana. Basi akatakiwa anipe muji, kama desturi ya aliyeshindwa. Akanipa Kabalo. Nikakataa, nikasema Kabalo ina mbu na mimi ni muzee. Symphorien aliona hatari, akanipa Ankoro haraka haraka ili nijibu mwenyewe na mambo yaishe. Nikamwambia akae nayo Ankoro yake, bado ataihitaji.

Kitenge kilitikisika kidogo.

"Ni mimi," alisema Marthe.

Alisema kwa sauti yake kamili, siyo kwangu. Na kabla Edmond hajafungua mudomo, mukono wa Marthe ulitoka pembeni ya kitenge, mukono peke yake mpaka kiwikoni, umeshika sindano ya kufumia. Symphorien aligeuka upesi akatazama ukuta, lakini aliisukuma mashine kwa mukono mpaka ifikiwe. Sindano ikatafuta, ikagusa lile kovu la kwanza. Kisha ikatembea taratibu na kusimama kwenye lile la upande wa masi.

"Ulianzia hapa, uliishia hapa," alisema Marthe. "Ulikuwa mweusi, mwembamba. Nilizania ni uzi, nikauchomoa. Nilikuwa sitaki uone takataka, mutoto yangu."

Symphorien alijibu akiwa ameelekea ukuta. Alisema asante mama, na kwamba pale njo wanapofungia ndugu wote.

Alipomaliza kuweka waya mupya, alipangusa mikono kwenye suruali. Akawasha. Mashine ikalia mara moja, kifupi, na kungoja. Haikuhesabu kuku. Haikuandika barua. Nyuma ya kitenge Marthe alisema hiyo njo sauti yake.

Lakini hakuna aliyejua kuiendesha ila Marthe. Ikabidi Symphorien atoke kwa mulango mwingine akasimame nyuma ya jiko kama muntu aliyefukuzwa, ndipo mwenye mashine aingie. Akaweka karata. Akasukuma kishikio kulia, akasukuma kushoto. Sote tulisimama tumekunja shingo. Kwanza miguu ya bata ilitoka, kisha matumbo, kisha midomo. Edmond alichukua kile kipande, akakinyoosha kwenye mwanga wa mulango, akakigeuza nyuma na mbele akitafuta kosa. Mwisho alisema mikia ya hawa bata imepinda.

Marthe alimujibu kwamba mikia imepinda kwenye karata, na karata ilichorwa na yeye Edmond.

Nje, nyuma ya jiko, muntu alicheka, kisha akajifanya anakohoa.

Kesho yake treni ilipopiga honi upande wa gare, Edmond alikuwa ameshavaa koti. Aliwapokea wajomba na mikono miwili kama alivyosema, na mukubwa wao, Papa Valère, muzee mufupi mwenye kofia ya kujifumia mwenyewe, alibebewa kikapu chake na karani mwenyewe mpaka nyumbani, watu wa Kataki wakiona. Mambo ya mahari yaliongelewa vizuri, kwa kelele za kutosha ili ionekane pande zote mbili zinawapenda watoto wao.

Ikabaki buko iliyovunjwa. Edmond hakuweza kuficha. Aliwaeleza wajomba yote, waya, kitendawili, mukono na sindano, na akauliza kwa uso wa kesi nani anamulipa nani faini, mama aliyeongea au mukwe aliyejibu. Wazee walinong'ona. Papa Valère alisema mudomo ukishafunguka ni kazi bure kuutafutia kifuniko. Kwao kuna kuku wa kufungua buko, ambaye mukwe anamuleta mutoto wa kwanza akishazaliwa, na toka siku hiyo anaongea na mama mukwe na kula mbele yake. Mutoto hajazaliwa, sawa. Lakini kuku anaweza kutangulia, njia anaijua. Akamutoa kwenye kikapu, jogoo mwenye kelele, akamuweka mapajani kwangu nimufikishe kwa binti yangu. Nikatembea hatua chache nikamufikisha. Ilikuwa kazi yangu ya mwisho kama waya wa simu, na sikuililia.

Marthe alipakua chakula kwa mukono wake mwenyewe. Alimuwekea Symphorien sahani yake, samaki kuhe mukubwa wa kuchemsha na ndimu, akakaa mbele yake kwenye mukeka. Yule kijana alianza kula amegeuza uso ukutani, anapapasa sahani kwa vidole kama kipofu, mazoea hayamuachi muntu kwa sababu ya jogoo mumoja. Wajomba walijifanya hawaoni. Florentine alikuwa anauma kona ya kitenge chake asicheke.

Marthe alimuvumilia, akamuvumilia.

"Geuka, mutoto yangu," alisema mwisho. "Samaki huyu ana miiba."

Akageuka.